Mdhamini wa Chombo Kilichokufa

Watu wa mtaa wa Sokon One walimwita Jabiri "Fundi Taratibu," na hawakumaanisha kwamba kazi yake ilichelewa. Walimaanisha namna alivyoishi. Ukimpigia hodi hakusema karibu. Kwanza aliuliza ni nani, kisha akauliza uko na nani, kisha akanyamaza kidogo kana kwamba anahesabu viatu vya watu nyuma ya mlango. Sukari ya kilo mbili aliinunua kilo moja leo na nyingine kesho, tena duka tofauti, katika miaka ambayo sukari ilijaa madukani mpaka wenye maduka wanakuita kwa mkono. Na redio akimaliza kuitengeneza, aliijaribu kwa sauti ndogo mno, mwenye mali akalazimika kuinama na kutega sikio ili ajue kama kweli imepona.

Walimcheka. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo wahenga walivyosema, lakini wahenga hawakusema kwamba wapo waoga waliopitiwa na kilio kwanza. Jabiri alikuwa mmoja wao, na mimi sipendi anavyochekwa na watu ambao mwaka ule wa kilio walikuwa bado wananyonya.

Alizaliwa Kondoa, akaletwa Arusha mgongoni mwa mama yake, baba yake alipopata kazi kwenye mashamba ya katani. Shule aliishia darasa la saba, ila Mungu alimpa masikio. Ukimletea redio iliyokufa aliigonga mgongoni kwa kidole, akaitingisha, akakutajia ugonjwa kabla hajafungua skrubu hata moja. Sifa hizo zilipanda mlima Meru mpaka Nkoaranga, akawa anaitwa huko kutengeneza redio za wakulima wa kahawa. Huko ndiko alikokutana na Aksel, Mzungu wa Denmark, fundi wa jenereta za misheni.

Aksel alikuwa na wazimu mmoja tu, nao ulikuwa angani. Alimwambia Jabiri kwamba juu kule kuna chombo kidogo, satelaiti ambayo mtu mzima angeweza kuikumbatia, iliyoundwa na watu wapenda redio kwenye karakana za nyumbani kwao. Haikuwa ya jeshi wala ya serikali yoyote. Ilizunguka dunia mara nyingi kwa siku, na kila ilipopita, wenye mitambo walizungumza kupitia kwake, mtu wa huku na mtu wa ng'ambo, wakajuliana hali bila kulipa senti. Yenyewe nayo ilituma alama za simu ya upepo, ti-ti-taa, ti-taa-taa: namba za joto lake na za nguvu ya betri yake. Sauti ilianza nyembamba chombo kikichomoza, ikazidi kuwa nzito kadiri kilivyokwenda, mpaka kikazama.

Jabiri alipoisikia mara ya kwanza alicheka peke yake kama mtu aliyeokota dhahabu. Aksel akamfundisha zile alama, akamwachia redio ya kupokelea, na akamwonyesha namna ya kuandika kwenye daftari saa ya kila mpito na upande ulikotokea. Mwaka 1981 betri ilikufa, chombo kikanyamaza. Mwaka uliofuata Aksel akarudi kwao. Jabiri aliendelea kutega sikio saa zile zile na kuandika "kimya," "kimya," ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu alikuwa hajazoea kukosa kitu alichokipenda.

Kisha ukaja mwaka 1983 na msako wa wahujumu uchumi. Wanaokumbuka wanajua, wasiokumbuka niwaambie tu kwamba katoni ya sabuni chini ya kitanda ilitosha kukupeleka ndani. Mwanamkuu, mke wa Jabiri, aliposikia msako umefika mtaa wa pili alimwaga chooni kilo tatu za sukari alizozipata kwa foleni ya siku nzima. Askari walipoingia hawakuulizia sukari wala hawakuinama chini ya kitanda. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, wakatazama juu ya bati. Kulikuwa na waya umetandazwa pale. Waliufuata waya mpaka kwenye redio, na kando ya redio wakalikuta daftari lenye kurasa sabini za saa, dakika na pande za dunia. Wakasema ni jasusi, wakamchukua na vyote hivyo.

Alikaa ndani siku arobaini na moja. Yaliyompata hakuwahi kuyasimulia hata kwa mkewe, ila tangu hapo kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto hakikunjiki. Kila siku alisema neno moja lile lile: chombo kimekufa. Hakina betri, hakisemi, hakitasema tena. Mwishoni afande aliyemshikilia akachoka, ila naye alikuwa na wakubwa wake, na aliwaogopa. Kumwachia mtu wa daftari lile bila kamba yoyote hakuthubutu. Akamtaka balozi wa nyumba kumi aje amdhamini.

Balozi wao alikuwa Mzee Simel, Mwarusha, Mlutheri, mtu wa maneno machache. Alikuja na kofia yake mkononi, akasimama mbele ya meza, afande akaandika huku akisoma kwa sauti: "Mtuhumiwa anathibitisha kwamba chombo kimekufa. Endapo kitasema tena, atatoa taarifa kituoni ndani ya siku kumi na nne. Asipofanya hivyo, mdhamini wake atawekwa ndani badala yake." Jabiri akatia sahihi kwa mkono unaotetemeka. Simel akatia sahihi chini yake. Wakatoka wote wawili kwenye jua, na Jabiri akamshika mzee yule miguu, akalia barabarani mchana kweupe.

Tangu siku hiyo alikuwa na deni la mtu aliyeweka mwili wake rehani kwa ajili yake. Simel baadaye aliuacha mji, akahamia kwenye shamba lake upande wa magharibi wa Meru, juu ya Ngaramtoni. Jabiri alimpelekea salamu kila sikukuu, na mara moja kwa mwaka redio iliyopona, bure.

Nchi ikafunguliwa. Mitumba ikaja, redio za Kichina zikaja, ukinunua leo kesho kutwa unatupa. Mwanamkuu akafungua meza ya nguo sokoni, akanenepa, mdomo ukamkaa sawa. Halafu yakaja madishi ya satelaiti juu ya nyumba za wenye nazo, na mafundi walioyafunga wakajenga nyumba za tofali. Jabiri, aliyewazidi wote kwa kuijua anga, hakufunga hata dishi moja. Wateja walimfuata wakamsihi, akawajibu kwamba yeye na mambo ya angani waliachana zamani. Mwanamkuu alimwambia mbele ya watu kwamba ameolewa na kunguru. Jabiri aliendelea kuunga waya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu nyoka hakuwa amemuuma tu, alikuwa amemwekea na tarehe.

Ikafika mwaka 1998, mvua za El-Nino zikiwa ndiyo kwanza zinapungua. Jumanne moja asubuhi alikuja Elinaza, mkulima wa Nkoaranga, amebeba redio kwenye gunia. Misheni ilikuwa imeuza vitu vyake vikuukuu, naye akainunua hiyo kwa kuupenda ukubwa wake. Jabiri alipofungua gunia alilifunga tena, akatazama mlangoni. Ilikuwa redio ya aina ile ile aliyoachiwa na Aksel, ina hata vitufe vile vile vya rangi ya maziwa.

Alitaka kukataa. Lakini fundi ni fundi. Alinusa waya ulioungua, akajua ni kapasita moja tu, na kufikia saa nne kasoro redio ilikuwa inapumua. Akaichomeka kwenye waya wa kuanikia nguo uwe antena, maana alihitaji kuijaribu. Nataka niseme kwamba hakukusudia. Vidole vyake viliuzungusha mshale kwenye namba ile ya zamani kama mguu unavyokupeleka nyumbani ukiwa na mawazo.

Ikaja sauti nyembamba, mbali, nyuma ya mkwaruzo. Ti-ti-taa. Ikazidi kuwa nzito. Namba zilikuwa zimevurugika, nyingine sifuri tupu, lakini mwandiko wa mtu unayemjua unautambua hata akiandika kwa mkono wa kushoto. Dakika kumi na nne, kisha ikazama.

Jabiri alikaa chini sakafuni. Alichokiwaza kwanza hakikuwa furaha, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Aliwaza: siku ya kwanza ni leo.

Keshoye akasikiliza tena, akiomba Mungu kisije. Kikaja. Siku ya tatu akaelewa. Betri imekufa kweli, lakini mabamba yake ya kunasa umeme wa jua bado ni mazima. Kikipigwa na jua kinazinduka, kikiingia kivulini kinakufa tena, kila mzunguko. Kumbe hakukidanganya kituo. Lakini nani angemwelewa? Karatasi haikusema "kikizinduka kwa sababu ya jua." Ilisema kikisema.

Akamweleza Mwanamkuu. Mama yule aliweka sufuria chini akacheka.

"Baba Twahira, hicho kituo chenyewe sijui kama kina mtu anayelijua jina lako. Mwaka gani huu? Watu wana madishi makubwa kama ungo wa harusi, wanaangalia mpira wa Ulaya, wewe unaogopa kadude!"

"Karatasi haizeeki, Mama Twahira."

"Basi nyamaza. Nani atajua?"

"Nikinyamaza, atakayewekwa ndani ni Mzee Simel. Ana miaka sabini na kitu."

"Na ukisema utawekwa wewe. Una kidole kingine cha kuwapa?"

Ndivyo ilivyokuwa: akinyamaza, anamwuza mtu aliyemwokoa, akisema, anarudi kwenye chumba kile. Alijaribu kuazimia kwenda kituoni. Siku ya tano alifika mpaka ng'ambo ya barabara, akazihesabu ngazi mara tatu, akarudi nyumbani. Siku ya nane alimwona mtu mwenye miwani myeusi amesimama nje ya banda lake akichungulia. Jabiri alitokea dirisha la nyuma, akakaa kwenye migomba ya jirani hadi adhuhuri. Mtu yule alikuwa Elinaza, amevaa miwani ya mtumba, amekuja kuulizia redio yake. Alipoambiwa bado haijapona aliondoka akishangaa kwa nini fundi ana matope magotini.

Chakula kilimshinda. Akisali alisahau rakaa. Na kila saa nne, licha ya hofu yote, aliiwasha, sauti chini kabisa, sikio limegusa kitambaa cha spika. Mtu anaweza kuogopa kitu na kukipenda kwa wakati mmoja, waulize walioolewa.

Siku ya kumi na tatu alimwambia mkewe anakwenda Ngaramtoni. Alikuwa ameamua: atamuaga mdhamini wake, kisha kesho yake, siku ya mwisho, ataingia kituoni. Mwanamkuu hakucheka safari hii. Alimfungia chapati mbili na shati la pili.

Kutoka barabara kuu alipanda kwa miguu, viatu mkononi, matope ya El-Nino yakimfika vifundoni. Mzee Simel alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, blanketi mabegani, macho yameanza kuingiwa na ukungu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani huyo? Fundi?" Mzee akakunja uso. "Si sikukuu leo."

Nalepo, mkwe wake, alileta chai ya maziwa, akarudi jikoni. Jabiri hakuigusa. Alimweleza yote, kuanzia gunia la Elinaza mpaka ngazi za kituo, na mwisho akasema, "Kesho ni siku ya kumi na nne. Nitakwenda mwenyewe. Nimekuja kukuaga na kukushukuru, maana ulinidhamini nilipokuwa sina mtu."

Ng'ombe mmoja alilia bondeni.

"Nalepo," akaita, "niletee lile sanduku la bati, la chini ya kitanda."

Sanduku likaja. Mzee akapapasa chini ya Biblia, chini ya kadi za kanisa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya rangi ya chai. Jabiri aliitambua kabla haijafunguliwa. Sahihi yake ilikuwa pale, imetetemeka vile vile.

"Afande aliniambia niipeleke kwenye tawi la chama ikapigwe muhuri, kisha niirudishe kituoni," Simel akasema. "Sikuipeleka. Isiyo na muhuri ni karatasi tu, Fundi. Yenye muhuri ni kamba. Wiki ile ile afande akahamishwa. Hakuna aliyeniuliza."

"Kwa hiyo kituoni..."

"Hakuna kitu. Hakijawahi kuwepo."

Jabiri aliangalia mikono yake. Miaka kumi na mitano. Madishi yote yale. Sukari kilo moja moja.

"Mzee wangu, mbona hukuniambia?"

Simel akaikunja karatasi tena mara nne.

"Ningekuambia hili ungekaa karibu na mimi. Ungekuja kila wiki. Siku moja ungeniuliza askari walijuaje kwenda moja kwa moja kwenye bati lako." Akageuzia uso bondeni. "Mimi ndiye niliyewaambia. Nilikuwa balozi. Kila mtu aliuona ule waya. Nikasema, wakiukuta wao, wataniuliza mimi nilikuwa wapi. Nikaogopa. Nikaenda nikasema niliyoyaona: waya, redio, daftari. Nilifikiri watakuuliza, watakurudisha jioni. Ulipofika siku ya arobaini mke wangu hakunipikia tena. Nilipoitwa kesho yake nikaja na kofia yangu."

Jabiri alitaka kukasirika. Alistahili, na mimi ningemsaidia. Lakini alikuwa ametoka kukaa siku kumi na tatu mahali pale pale alipokaa Simel: ukinyamaza unaumia wewe au mwingine, ukisema anaumia mwingine au wewe. Alipajua mahali hapo kama kiganja chake. Maneno ya msamaha hata hivyo hayakuja. Machozi yakamtoka kwa ajili ya yule kijana aliyeishika miguu ya mzee huyu barabarani.

"Ichukue," Simel akasema, akinyoosha karatasi. "Ichome wewe. Nimejaribu mara nyingi, nikiikaribisha motoni naona ni ya serikali, naogopa."

Jabiri akaipokea, akaingia nayo jikoni kwa Nalepo. Kabla ya kuinama kwenye mafiga aligeuka akatazama mlangoni. Kule nje mzee naye alikuwa amegeuza shingo anatazama njia, ingawa macho yake hayaoni mbali. Njia ilikuwa tupu. Karatasi ikashika moto upesi, ikajikunja, ikaisha. Nalepo aliuliza ilikuwa ya nini. Jabiri akamwambia ni barua ya zamani.

Akatoka, akaketi karibu na Simel, akainywa ile chai ikiwa imepoa. Alipoinuka kuondoka mzee akauliza, "Hicho kitu chako, kinasema nini hasa?"

"Kinataja joto lake na betri yake. Basi."

"Kinamwambia nani?"

"Yeyote anayesikiliza."

"Nacho hakiogopi," mzee akasema, akajifunika blanketi.

Nyumbani Jabiri alimsimulia Mwanamkuu kila kitu, na mama yule akalia, kisha akatukana, kisha akacheka mpaka akaomba maji. "Nilikwambia! Nani anakukumbuka? Miaka yote hii nimeishi na mtu anayeogopa jivu." Jabiri naye akacheka, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Wakakubaliana kwamba kesho saa nne wataisikiliza pamoja, kwa sauti ya juu, mlango wazi, mtaa mzima usikie.

Kesho yake Mwanamkuu hakwenda sokoni. Walikaa kwenye benchi mbele ya redio, mlango umeachwa wazi, jua limeingia mpaka miguuni. Jabiri alikizungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Mkwaruzo ulijaa nyumba nzima. Kisha, nyembamba, kikachomoza: ti-ti-taa, ti-taa-taa. Mwanamkuu alikuwa hajawahi kukisikia. Alifumba macho, akamshika mumewe bega. "Kumbe ni kizuri," akasema.

Sauti ilikuwa inaanza kuwa nzito pale viatu viliposikika nje, viatu vizito vya mtu mmoja, vikipita polepole kando ya ukuta. Vikasimama.

Mkono wa Jabiri ulikwenda kwenye kitufe kabla yeye hajaamua. Uliukuta mkono wa Mwanamkuu umeshafika, unapunguza sauti.